Wanawake katika ujenzi wa amani na uongozi, Kisii na Nyamira

Makala hii inahusu nafasi ya wanawake wa Gusii, kusini-magharibi mwa Kenya, katika kusuluhisha ugomvi wa koo na wa mipakani, kurejesha maisha baada ya machafuko, na kushika madaraka ya umma. Gusii ni kaunti mbili zilizoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013 chini ya Katiba ya 2010: Kisii, iliyohesabiwa watu 1,266,860 katika sensa ya 2019, na Nyamira, watu 605,576. Ni nchi ya vilima, chai, ndizi na vishamba. Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, na uhaba huo wa ardhi umejificha nyuma ya karibu kila ugomvi unaotajwa hapa. Ndoa ya Kigusii humweka mwanamke kati ya koo mbili. Hali hiyo humfaa anapopatanisha, na hiyohiyo humponza anapoomba kura.

Koo na ndoa

Abagusii hawakuwa na mfalme. Waliishi katika makundi makubwa ya koo, yaani Kitutu, Nyaribari, Mugirango (ya Kaskazini na ya Kusini), Machoge, Bobasi na Wanjare, ambayo yaliungana jirani alipovamia na kuvamiana wenyewe kwa ajili ya ng'ombe na malisho jirani alipotulia. Kuoa ndani ya ukoo ni mwiko. Kwa hiyo bibi arusi alitoka kwa watu ambao huenda msimu uliopita walikuwa wakirushiana mikuki na watu wa mumewe, na Abagusii wana usemi kwamba wale wanaooana nao ndio wanaopigana nao. Mwanaanthropolojia Mmarekani Robert LeVine, aliyeanza utafiti wake Gusii katika miaka ya 1950, aliutumia usemi huo kueleza uhasama aliouona kati ya mume na mke. Hakukosea, lakini usemi una upande wa pili. Kila ukoo ulikuwa na mabinti na wajukuu ng'ambo ya mpaka, na vita vilipozuka mama aliyeolewa ndiye aliyekuwa na ndugu pande zote mbili za uwanja.

Mahari iliukaza uhusiano huo. Ng'ombe waliopokelewa kwa ajili ya binti ndio waliotolewa tena kumwolea kaka yake, kwa hiyo ndoa moja ikivunjika ilitikisa nyumba tatu au nne, na wengi walikuwa na sababu ya kuituliza. Hukumu zilitolewa na kikao cha wazee wanaume, *abagaka*. Mwanamke hakuketi humo; maneno yake yalifika kupitia kwa mume, mwana au kaka. Nafasi yake ya kusema bila kuombewa ilipanuka kadiri alivyozeeka, akawa mama mkwe na bibi. Nje ya kikao yalikuwapo makundi ya kulimiana kwa zamu, *egesangio*, ambako wake wa nyumba jirani, waliotoka koo mbalimbali, walifahamiana kwa jembe.

Moraa wa Ng'iti

Mwanamke wa Gusii anayekumbukwa zaidi katika siasa hakuwa mpatanishi hata kidogo. Moraa wa Ng'iti, mganga na mtabiri wa Kitutu, anasimuliwa kuwa ndiye aliyemchochea mpiganaji Otenyo Nyamaterere amchome mkuki mkuu wa wilaya G.A.S. Northcote mnamo Januari 1908. Northcote alipona, serikali ya kikoloni ikajibu kwa msafara wa kijeshi uliochoma nyumba na kuchukua maelfu ya ng'ombe, wa pili baada ya ule wa 1905. Otenyo aliuawa. Kumtaja Moraa hapa kuna maana, kwa sababu fasihi ya mashirika ya amani hupenda kumchora mwanamke kama mpole wa asili. Katika mapigano ya mipakani yaliyofuata baadaye, wapo wanawake waliowapikia vijana wa vita na kuwazomea waliobaki nyumbani.

Mipaka ya Sotik na Trans Mara

Baada ya uhuru, mashamba ya walowezi wa Kizungu mashariki mwa Gusii yaligawanywa kuwa skimu za makazi, na familia nyingi za Kigusii zikanunua viwanja Borabu, ambayo leo iko Nyamira. Wakipsigis wa Sotik, katika Kaunti ya Bomet, wamekuwa wakiihesabu sehemu ya ardhi hiyo kuwa yao. Upande wa kusini, eneo la Gucha katika Kisii hupakana na Trans Mara ya Wamaasai, na Nyangusu, kwenye mpaka huo, ni mji uliozoea kufunga maduka mapema. Mapigano yalizuka karibu na chaguzi za 1992 na 1997, yakachunguzwa na Tume ya Akiwumi iliyoundwa 1998. Kwa kawaida cheche ilikuwa ng'ombe aliyeibwa: vijana wakafuata nyayo, ukapigwa ukemi, na jioni nyumba zinawaka. Katika mambo haya lilitajwa sana Chinkororo, kundi la vijana wa Kigusii lililojiita la ulinzi, ambalo serikali ililipiga marufuku mwaka 2002 pamoja na makundi mengine.

Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliua watu 1,133 nchini. Gusii iliguswa kwa njia ya pekee. Tarehe 31 Januari 2008 mbunge wa Ainamoi katika Kericho, David Kimutai Too, aliuawa mjini Eldoret na askari polisi ambaye alikuwa Mgusii. Habari zilipofika Kericho, nyumba za Wakisii zilichomwa, na mapigano yakapamba moto tena kwenye mpaka wa Borabu na Sotik. Familia zilizofukuzwa Kericho, Sotik na sehemu nyingine za Bonde la Ufa zilirudi Kisii na Nyamira, kulikoitwa kwao hata kwa watoto waliokuwa hawajawahi kukuona.

Wengi hawakuingia kambini. Walipokewa na jamaa, na serikali ikawaweka katika kundi la wakimbizi wa ndani waliojumuika na jamii, kundi ambalo fidia yake ilichelewa kwa miaka mingi. Mzigo wa mapokezi hayo uliwaangukia wanawake, na si jikoni tu. Kwa mila, mtoto wa kiume aliyefukuzwa angeweza kudai kipande katika shamba la baba yake. Binti aliyeolewa na kurudi na watoto alikuwa mgeni. Mke Mgusii wa mume Mkipsigis, au kinyume chake, alikuwa na shida zaidi, maana kila upande ulimtazama kama jasusi wa mwingine.

Soko la Chepilat, lililoko juu ya mpaka wenyewe kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Sotik, linaeleza kwa nini wanawake wana nguvu mahali ambapo hawana cheo. Ndizi na mboga hutoka upande wa Gusii, maziwa na mahindi upande wa pili, na wauzaji wengi ni akina mama. Mboga za *chinsaga* hazingoji kikao cha usalama. Zikilala siku mbili ni hasara. Mwenye bidhaa za kuoza huijua bei ya vita kabla ya mwenye duka la mabati. Tena wauza maziwa na wanunuzi wao hupashana habari: kijana gani ameonekana usiku, nani ameanza kuhamisha mifugo, familia ipi imewapeleka watoto kwa nyanya yao. Habari za namna hiyo ndizo kamati za amani huzitafuta, na mara nyingi huzipata zikiwa zimechelewa.

Kamati na mikataba

Mfano wa kamati hizo ulitoka mbali, Wajir, kaskazini-mashariki mwa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake wa huko, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmojawapo, walianzia sokoni kuzuia ugomvi wa koo za Kisomali, wakawafuata wazee na vijana, na hatimaye wakaunda muundo ulioigwa na serikali. Baada ya 2008 kamati za amani za wilaya zilisambazwa nchi nzima. Wajir kamati ilikua kutoka kwa akina mama kwenda juu. Gusii ilishuka kutoka kwa mkuu wa wilaya kuja chini, ikawakuta wazee wakiwa tayari wameketi. Nafasi za wanawake zilitengwa kwa idadi. Mwenyekiti ni habari nyingine.

Hata kwenye mazungumzo ya Nairobi ya kumaliza machafuko hayo, yaliyoongozwa na Kofi Annan, ambako Graça Machel alikuwa mmoja wa wapatanishi, wanawake katika ujumbe wa vyama walikuwa Martha Karua na Sally Kosgei. Sauti ya Gusii mezani ilikuwa ya Sam Ongeri, mbunge wa Nyaribari Masaba. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Tume ya Waki, iliyochunguza machafuko hayo, ilitenga sura nzima ya ripoti yake kwa ukatili wa kingono, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyowasilisha ripoti yake Mei 2013, ilifanya vikao vya wanawake peke yao kwa sababu mambo kadhaa hayasemeki mbele ya wakwe.

Kenya ilizindua mpango wake wa kwanza wa kutekeleza Azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kuhusu wanawake, amani na usalama, mnamo Machi 2016, zaidi ya miaka 15 baada ya azimio lenyewe kupitishwa tarehe 31 Oktoba 2000. Mpango uliitwa *Kuhusisha Wanawake ni Kudumisha Amani*; wa pili ulihusu 2020 hadi 2024.

Viti

Kisii ina majimbo 9 ya ubunge na Nyamira 4. Katika chaguzi kuu za 2013, 2017 na 2022 majimbo yote 13 yalichukuliwa na wanaume, mara zote tatu. Magavana, manaibu wao na maseneta waliochaguliwa katika kipindi hicho ni wanaume vilevile. Kisumu, mwendo wa saa chache kwa gari, ilimpeleka Grace Onyango bungeni mwaka 1969.

Wanawake wamepita kwenye mlango uliofunguliwa na Katiba, kiti cha mwakilishi wa wanawake wa kaunti. Kisii imewachagua Mary Otara (2013), Janet Ong'era (2017) na Dorice Donya (2022). Nyamira imewachagua Alice Chae (2013) na Jerusha Momanyi, aliyeshinda 2017 na kurudi 2022. Mlango mwingine ni uteuzi wa vyama. Ong'era alikuwa seneta mteule kabla ya kuchaguliwa. Millicent Omanga aliteuliwa 2017 na Esther Okenyuri 2022. Katika mabunge ya kaunti, yenye wadi 45 Kisii na 20 Nyamira, wanawake wateule hujaza pengo la kanuni ya Katiba kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili. Wanapiga kura kama wenzao lakini hawana wadi ya kwenda kuomba kura ya pili.

Kwa nini kiti cha kaunti nzima kinawezekana na cha jimbo hakiwezekani? Elimu na fedha ni sehemu ya jibu, ila hazitoshi, maana wanaoshinda kiti cha kaunti hutafuta kura katika eneo kubwa zaidi. Majimbo mengi ya Gusii yamebeba majina ya koo zenyewe: Bobasi, Bonchari, Nyaribari, Kitutu, Mugirango. Hesabu ya kura huanza kwa kuuliza mgombea ni wa nyumba ipi. Mwanamke akigombea alikoolewa huambiwa arudi kwao. Akigombea kwao huambiwa ameshaolewa. Kwenye kiti cha kaunti, ambapo wagombea wote ni wanawake, swali hilo humgusa kila mmoja na hivyo hupungua makali. Katika uchaguzi mdogo wa Bonchari wa Mei 2021, uliofuata kifo cha mbunge Oroo Oyioka, mjane wake Teresa Bitutu aligombea. Mshindi alikuwa Pavel Oimeke wa chama cha ODM.

Gusii ina mchango mwingine katika suala hili nje ya mipaka yake. Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, mzaliwa wa Nyamira, ndiye aliyemshauri Rais Uhuru Kenyatta, tarehe 21 Septemba 2020, avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kutekeleza kanuni ya jinsia. Bunge halikuvunjwa. Roselyn Akombe, pia wa Nyamira, alikuwa kamishna wa Tume ya Uchaguzi mwaka 2017. Alijiuzulu akiwa New York wiki moja kabla ya uchaguzi wa marudio wa Oktoba, akisema tume haikuwa na uwezo wa kuendesha uchaguzi wa kuaminika na kwamba alihofia maisha yake. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa gharama ya mwanamke kuketi mahali ambapo amani ya nchi inaamuliwa.

Amani ya nyumbani

Kamati za amani zimetengenezwa kwa ajili ya mpaka, ilhali mwanamke wa Gusii huuawa zaidi karibu na nyumbani. Mnamo Mei 2008, miezi michache tu baada ya mkataba wa Nairobi, watu 11, wengi wao wanawake wazee, waliteketezwa kwa moto Kisii wakidaiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa Marani kwa madai hayohayo. Sungusungu, kundi la ulinzi wa vijiji lililogeuka kuwa la kuhukumu na kuadhibu, lilipigwa marufuku 2010.

Neno *omorogi*, mchawi, linapomwangukia mjane asiye na mwana mtetezi, busara ni kuuliza pia habari za shamba. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, humpa mjane haki ya kuitumia ardhi ya mumewe maisha yake yote. Sheria za ardhi na mali ya ndoa za 2012 na 2013 zinamlinda mke ili nyumba ya ndoa isiuzwe bila ridhaa yake. Lakini kesi ya mirathi huanza na barua ya chifu inayowataja warithi. Barua hiyo hupita kwa naibu chifu na wazee wa kijiji kabla hakimu hajaiona, na jina lililoachwa nje hapo huhitaji wakili, mashahidi na nauli ya mara nyingi kwenda Kisii au Nyamira mjini ili lirudishwe.