Ratiba ya Picha Kisiwani Pemba

Picha ya sinema haijionyeshi yenyewe. Hapana budi awepo mtu wa kuichagua, wa kuipangia siku na saa, na wa kuwaambia watazamaji sababu ya kuitazama. Kazi ya mtu huyo haionekani ndani ya picha, walakini ndiyo ipambanuayo baina ya picha iliyopita kama upepo na picha iliyokaa katika fikira za watu. Katika nchi kubwa kazi hii imekuwa fani kamili. Tarehe 14 Aprili 1994 ilifunguliwa Marekani stesheni ya televisheni iitwayo Turner Classic Movies, ambayo shughuli yake ni kuonyesha picha za zamani. Mwenyeji wake wa kwanza, Robert Osborne, alikaa kitini mbele ya kila picha akaeleza ilivyotengenezwa na nani aliigiza. Picha ilipokwisha alirudi akaongeza neno. Mwezi mmoja ulipewa mwigizaji mmoja, na usiku mmoja fundi mmoja wa kutengeneza picha. Watazamaji walijifunza kwamba mpangilio nao ni elimu.

Pemba haikupata kuwa na stesheni ya namna hiyo. Hata hivyo kisiwa hicho kilikuwa na ratiba zake za picha kwa muda mrefu, na ratiba hizo zilipangwa na watu mbalimbali kwa nia mbalimbali. Historia yake ina swali moja lenye uzito: ni nani aliyepanga, na ni nani aliyepangiwa?

Waliotangulia ni wafanyabiashara. Katika mji wa Unguja biashara ya sinema ilianza mapema katika karne ya 20, na kabla ya Mapinduzi ya mwaka 1964 miji ya Wete na Chake Chake nayo ilikuwa na nyumba za sinema. Mwenye nyumba ya sinema hakuwa na uhuru mkubwa kama watu walivyodhani. Mikanda ya picha aghalabu haikununuliwa bali ilikodiwa, na nakala chache tu za kila picha zilizunguka katika miji ya Afrika Mashariki. Mkanda wenye upana wa milimita 35 hupita katika mashine kiasi cha futi 90 kwa dakika. Kwa hesabu hiyo picha ya Kihindi ya saa tatu ina mkanda wenye urefu wa karibu kilomita 5, uliogawanywa na kutiwa katika makopo mazito ya bati. Katika mji wa Unguja nyumba mbili za sinema ziliweza kuonyesha nakala moja usiku mmoja: nyumba ya pili ilianza baadaye kidogo, na kijana mwenye baiskeli alipeleka kila kopo lilipomalizika huku na kutakiwa kule. Pemba haikuweza kutumia ujanja huo. Baina yake na Unguja upo mkondo wa bahari wa kiasi cha kilomita 50, na baiskeli haipiti juu ya maji. Picha ya Pemba ilisubiri chombo, na chombo kilisubiri hali ya bahari.

Zaidi ya chombo, ratiba ilifuata mambo mengine mawili. La kwanza lilikuwa kalenda ya watu wenyewe. Visiwani, Jumapili ilikuwa siku kubwa ya picha za Kihindi, na katika mji wa Unguja tiketi za siku hiyo zilitafutwa kwa shida hata zikaangukia mikononi mwa walanguzi. Palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, ambayo yaliwapa ruhusa ya kutoka wale ambao desturi haikuwaruhusu kuchanganyika na wanaume gizani. Mwezi wa Ramadhani ulipunguza watazamaji, na kwa hiyo wenye sinema walizoea kuziweka picha bora mpaka Sikukuu, wakati kila mtu alipokuwa na nguo mpya na senti mfukoni. Hakuna sheria iliyowaamrisha kupanga hivyo. Waliotazama ndio waliomfundisha mwenye nyumba namna ya kupanga, na asiyefundishika alionyesha picha mbele ya viti vitupu.

La pili lilikuwa karafuu. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba, na mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka: mwaka mmoja matawi huinama kwa uzito, na miaka inayofuata huzaa kidogo. Mwaka wa neema uliwaleta wachumaji kutoka Unguja na bara, na fedha zikaonekana madukani. Biashara yoyote ya mjini ambayo riziki yake ni senti za watu wa shamba ilikuwa haina budi kuitazama mikarafuu kabla ya kuitazama kalenda ya ukutani.

Katika mpango huo wa kibiashara ndimo ilimozaliwa heshima ya picha za zamani. Mfano ulio wazi ni Awaara, picha ya Raj Kapoor ya mwaka 1951. Hakimu mmoja anamfukuza mkewe mwenye mimba kwa sababu ya shaka. Mtoto anakulia katika umaskini na kufanywa mwizi na mtu mwenye kisasi, mpaka siku anaposimamishwa mbele ya sheria na kutetewa na msichana anayempenda. Hoja ya picha ni kwamba mtu hatengenezwi na damu bali na malezi. Katika jamii iliyojali sana nasaba, na ambayo katika miaka ya 1950 ilikuwa ikibishana kwa ukali juu ya nani ni nani, hoja hiyo haikuwa ya Bombay peke yake. Picha ilirudishwa katika miji ya pwani mara kwa mara kwa miongo mingi, na waliokuja kuitazama hawakuja kujua mwisho wake, maana walikwisha kuujua. Walikuja kuusubiri. Umri peke yake haukuipa picha cheo hicho. Cheo kilitokana na kuombwa kurudi.

Mpangaji wa pili alikuwa serikali ya kikoloni. Uingereza iliunda idara ya picha za makoloni mwaka 1939, hasa kwa ajili ya habari za vita, na baada ya vita magari ya sinema yalipita mashamba ya makoloni yake, yale ya Unguja na Pemba yakiwamo, yakionyesha picha za afya, kilimo na ziara za wafalme. Hapa alikuwapo yule mwenyeji ambaye Marekani ingemkalisha kitini miaka mingi baadaye. Msemaji wa gari alishika kipaza sauti akaieleza picha kwa Kiswahili ilipokuwa ikiendelea, akiwaonya watu waangalie nini na wajifunze nini. Tofauti ni kwamba mwenyeji wa televisheni ya picha za zamani huitukuza picha yenyewe, na msemaji wa gari aliitumia picha kama fimbo ya mwalimu. Tena wenye kutengeneza picha hizo waliamini kwamba mtazamaji wa Afrika hawezi kufuata picha inayokwenda kwa haraka, wakazifanya zitambae polepole. Imani hiyo ilikuwa ikikanushwa kila Jumapili mjini, mahali ambapo watu waliifuata hadithi ya saa tatu katika lugha ya Kihindi, pasipo maandishi ya Kiswahili chini yake, wakatoka wakiimba nyimbo zake.

Mpangaji wa tatu alikuja baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Nyumba za sinema ziliingia katika mikono ya serikali, na mwaka 1973 Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi, wakati ambapo Tanzania Bara haikuwa na televisheni ya aina yoyote, wala haikuipata mpaka mwaka 1994. Jambo hilo limetajwa mara nyingi kwa fahari, na fahari hiyo ni ya haki. Wenye seti katika Dar es Salaam na Tanga walielekeza vyuma vyao vya kunasia mawimbi upande wa bahari ili wapate Televisheni ya Zanzibar. Kwa kuwa seti ilikuwa ghali, serikali iliweka seti za umma mahali pa mikutano, na watu wakatazama kwa pamoja kama walivyotazama sinema, isipokuwa hapakuwa na tiketi.

Lakini fahari hii ina upande ambao hautajwi sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 fedha za kigeni za Zanzibar zilitoka karibu zote katika karafuu, na karafuu nyingi zilitoka Pemba. Mitambo ilisimama Unguja. Taarifa, taarabu, michezo ya kuigiza na picha vilipangwa Unguja. Mkulima wa Pemba alikuwa miongoni mwa waliolipia televisheni kwa jasho lake, na hakuwa miongoni mwa walioandika ratiba yake. Mwenye nyumba ya sinema wa Wete alipokosea, watu wake walimwambia siku ile ile kwa kutokwenda. Televisheni ilipokosea, hapakuwa na kiti kitupu cha kuieleza.

Tena televisheni hula umeme. Unguja iliunganishwa na umeme wa bara kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980. Pemba iliendelea kutegemea mashine za dizeli kwa miaka thelathini mingine, mpaka waya kutoka Tanga ulipofika mwaka 2010 kwa msaada wa Norway. Kwa hiyo palikuwa na ratiba mbili: moja iliyoandikwa na stesheni, nyingine iliyoandikwa na mafuta ya mashine. Katika shamba lisilo na umeme ratiba ya kwanza ilikuwa karatasi tu.

Si ajabu, basi, kwamba video ilipokelewa kwa mikono miwili. Biashara ilipolegezwa masharti Zanzibar katikati ya miaka ya 1980, mashine na kanda za video ziliingia kutoka nchi za Ghuba, na mwenye jenereta, seti na kanda chache aliweza kuwa na sinema yake. Kwa mara ya kwanza mpangaji alikuwa jirani. Nyumba kubwa za sinema hazikustahimili. Katika miaka ya 1990 na iliyofuata zilifungwa moja baada ya moja visiwani kote. Kilichokufa hapo hakikuwa picha, kwa maana picha zilizidi kuwa nyingi. Ilikufa ile saa moja ya watu wote. Tamasha la Nchi za Majahazi, lililoanza mwaka 1998, limejaribu kuirudisha kwa kupeleka maonyesho katika vijiji vya Unguja na Pemba, lakini tamasha ni la siku chache, na ratiba ni ya mwaka mzima.

Hapo ndipo linapokuja jambo zito la historia hii. Nyumba ya sinema ilikodi mikanda ikairudisha, haikuacha kitu. Televisheni katika nchi nyingi ilirekodi juu ya kanda zake za zamani kwa sababu kanda ilikuwa ghali. Hata BBC, pamoja na utajiri wake, ilifuta vipindi vingi vya miaka ya 1960 na 1970 ambavyo sasa inavitafuta kwa udi na uvumba. Stesheni ya Marekani iliweza kupanga picha za zamani kwa sababu Ted Turner, mwasisi wake, alikwisha kununua hazina ya picha za kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer mwaka 1986. Ghala ilitangulia, ratiba ikafuata. Pemba ilikuwa na ratiba pasipo ghala. Kilichobaki ni kumbukumbu za watu: siku gani ilikuwa ya picha gani, nani alikaa wapi, wimbo upi ulirudiwa njiani hadi nyumbani. Ghala hiyo haina kufuli wala nakala ya pili, na kila mzee anapozikwa huondoka na sehemu yake.

Wanafunzi wa historia wamezoea kuuliza watu walitazama nini. Swali hilo ni jema, lakini halitoshi, kwa kuwa picha zile zile zilionyeshwa Bombay, Mombasa na Chake Chake. Kilicho cha Pemba peke yake ni mpangilio: Jumapili, Sikukuu, mwaka wa karafuu nyingi, chombo kilichochelewa, usiku ambao mashine ya umeme ilizimika kabla ya mwisho. Mambo haya hayamo katika mkanda wowote ulimwenguni, na nakala ya Awaara iliyo safi kuliko zote haiwezi kuyasimulia. Hayana budi kuandikwa sasa, majina ya picha pamoja na siku zake, kutoka vinywani mwa wale waliokuwamo gizani.