Mawese ya Kongo na Injini ya Dizeli, 1900–1942

Historia ya nishati itokanayo na mimea huanzishwa aghalabu na Maonesho ya Paris ya mwaka 1900, ambako kampuni ya Otto iliendesha injini ndogo ya dizeli kwa mafuta ya karanga. Rudolf Diesel mwenyewe alieleza mwaka 1912 kwamba ni watu wachache tu waliotambua jambo hilo. Kisichopewa uzito wa kutosha ni asili ya jaribio lenyewe: Serikali ya Ufaransa ilitaka kujua kama makoloni yake ya Afrika yangeweza kuendesha mitambo kwa mazao yao. Swali hilo lilikuwa la kikoloni muda mrefu kabla halijawa la kimazingira.

Ubelgiji ililijibu kwa tunda la mchikichi. Kikwazo cha mawese kilikuwa uzito wake. Hayapiti kwa wepesi katika vipulizio vya injini, na katika baridi ya Ulaya huganda kabisa. Tarehe 31 Agosti 1937, G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hataza namba 422,877. Katika mbinu yake mawese hubadilishwa kikemia kwa alkoholi, gliserini hujitenga, na kinachosalia ni esta nyepesi. Katika kiangazi cha 1938 basi la abiria kati ya Brussels na Louvain lilitumia esta hiyo. Namba yake ya seteni, yaani kipimo cha wepesi wa kuwaka ndani ya silinda, ilikadiriwa kuwa 83, ilhali dizeli zilizolinganishwa nayo zilikuwa na 50 na 57.5. Maelezo marefu ya majaribio hayo yalichapishwa mwaka 1942, katikati ya vita, katika jarida la kilimo la Kongo ya Kibelgiji.

Hadi hapo ni historia ya maabara, na watafiti wengi huishia hapo. Lakini tunda halikujiangua lenyewe. Kwa mkataba wa 1911, kampuni ya Lever ilipewa haki juu ya michikichi ya Kongo katika maeneo ambayo jumla yake ingeweza kufikia hekta 750,000. Mkwezi alipanda mti kwa mshipi, akakata mkungu, akaupeleka kituoni. Kiwandani hata makapi hayakupotea, kwani nyuzi na vifuu vya kokwa hufaa kuchochea moto wa boila. Kazi hiyo ilisukumwa na kodi na shuruti. Mwaka 1931, bei ya matunda ilipoporomoka huku kodi ikiendelea kudaiwa, Wapende wa Kwango waliasi, na mamia yao waliuawa.

Miaka 6 tu inatenganisha maasi hayo na hataza ya Chavanne. Kuyasimulia matukio haya mawili katika vitabu tofauti, kama ilivyozoeleka, kunaifanya malighafi ya basi lile ionekane kama iliokotwa njiani.