Mlio wa Turbo Husomwa kwa Historia Yake

Gari la kasi likianza kutoa mlio usio wa kawaida kwenye turbo, wengi hukimbilia kununua turbo nyingine. Haraka hiyo hupoteza pesa, na chanzo chake ni dhana kwamba kila mlio una maana moja. Historia ya chombo hiki inakataa dhana hiyo. Mwaka 1905, Alfred Büchi wa Uswisi alipata hataza ya wazo lake: moshi wa injini, uliokuwa ukipotea bure, uzungushe turbini, na turbini hiyo isukume hewa ndani ya injini. Mwaka 1918, Sanford Moss alipanda na injini ya ndege hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, karibu mita 4,300 juu ya bahari, akaonyesha kwamba nguvu inayopotea kwenye hewa nyembamba inaweza kurudishwa. Tangu hapo mluzi mwembamba unaopanda pamoja na kasi ya injini ni sauti ya turbo ikiwa kazini. Kwenye gari dogo, magurudumu yake huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Huo peke yake si ugonjwa.

Milio mingine ilizaliwa turbo ilipobadilishiwa makazi. Injini za dizeli za meli na malori kwa kawaida hazikuwa na kilango cha kubana hewa, lakini za petroli zinacho. Oldsmobile Jetfire na Corvair Monza Spyder zilipoingia sokoni Marekani mwaka 1962, na Renault ilipopeleka turbo kwenye Formula One huko Silverstone mwaka 1977, turbo ilikuwa imehamia kwenye injini zenye kilango. Kilango hicho kikiwa mbele ya turbo, kati yake na injini, jambo moja halikwepeki: dereva akiachia mafuta ghafla, kilango hufunga, na hewa yenye presha hukosa pa kwenda. Hurudi nyuma ikapiga gurudumu lililoisukuma, ikasikika tutututu. Dawa yake ikawa valvu ya kuitoa hewa hiyo. Kwa hiyo tutututu kwenye gari lisilo na valvu ni tabia yake. Kwenye gari lililotoka kiwandani nayo, huenda valvu imekwama au mpira wake umepasuka. Ikisikika dereva akiwa bado amekanyaga mafuta, hatari ni kubwa zaidi, kwani kila pigo la hewa huumiza beringi inayozuia shafti isisogee mbele na nyuma.

Mashindano ya mbio za magari yaliongeza mlio mwingine. Wakenya waliishuhudia Toyota Celica yenye turbo ikishinda Safari Rally mwaka 1984, 1985 na 1986. Katika miaka ya 1990 magari ya rali yalichoma mafuta ndani ya egzosi kwa makusudi, ili turbini isipoteze kasi dereva anapoachia, na milipuko ikawa sehemu ya mbinu. Mlipuko huohuo kwenye gari la kwenda kazini mara nyingi ni mafuta yasiyochomeka vizuri ndani ya injini, na turbo haihusiki.

Kuna wanaosema sikio hudanganya. Ni kweli: gasketi ya manifodi inayovuja hupiga mluzi kama wa turbo, na paipu ya hewa iliyochanika hufoka vilevile. Ndiyo maana sikio huuliza na mkono hujibu: injini ikiwa imezimwa na kupoa, paipu ifunguliwe, gurudumu lizungushwe kwa kidole. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida, kwa sababu shafti huelea juu ya utando wa oili; kugusa ukuta au kusogea waziwazi mbele na nyuma si kawaida. Wengine husema kompyuta ya gari imemaliza ubishi. Lakini sensa hueleza kwamba presha imepungua, bila kuonyesha hewa inatokea wapi, nayo huweza kukaa kimya wakati beringi inaanza kulia kama king'ora huku presha ikiwa bado kamili. Lisemwalo lipo, kama halipo, laja. Basi kabla ya boliti ya kwanza kufunguliwa, dereva aulizwe: mlio ulisikika ukikanyaga mafuta au ukiachia? Jibu lake linaweza kuokoa turbo nzima isitupwe kwa kosa la kipande cha mpira.