Heroe Hawakuwa wa Nakuru

Sisi tuliokulia Nakuru tulijigamba kwamba heroe ni wetu. Wapi! Katika miaka ya 1950 Leslie Brown, ofisa kilimo wa serikali ya kikoloni, alibaini kuwa heroe wadogo huzaliana Ziwa Natron, Tanganyika. Alipojaribu kuvifikia viota kwa miguu, matope ya magadi yalimbabua vibaya. Kwetu walifuata mwani tu.

Mwari nao tuliwaalika bila kujua. Perege wa Ziwa Magadi walitiwa Nakuru wale viluwiluwi vya mbu. Wakastawi, na mwari wakawafuata. (Sijasikia kwamba mbu waliisha.) Hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 1968, na mwaka 1990 ziwa likawa ardhioevu ya kwanza ya Kenya kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Miaka ya 2010 maji yalipanda, yakameza lango kuu la zamani na kuzimua magadi. Mwani ukapungua, heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria.

Kwa hiyo, mwenye darubini, ukiwataka heroe kwa wingi anzia Bogoria. Nakuru njoo kati ya Oktoba na Aprili, utazame vitwitwi waliokimbia baridi ya kaskazini.