Maiti Mbili za Ngong: Upelelezi na Historia katika Usomaji wa Gilgil

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960), humwahidi msomaji kwamba siri itafichuka. Bwana Msa huchambua dalili, na kile ambacho umma ulikidhania kuwa kazi ya mizimu hubainika kuwa kazi ya binadamu. Makala haya yanadai kwamba ahadi hiyo huyumba pindi mtunzi anapochota kisa chake katika historia halisi.

Katika kikao cha wasomaji nilichohudhuria mjini Gilgil, mjadala ulioanza na Bwana Msa uliishia kwenye visa viwili vya mauaji vinavyouhusu mji huo. Cha kwanza ni cha Lord Erroll, aliyewahi kuishi Slains, upande wa Wanjohi, na aliyepigwa risasi ndani ya gari lake karibu na barabara ya Ngong, Januari 1941. Sir Delves Broughton alishtakiwa, akaachiliwa Julai mwaka huohuo, na swali lililobaki limezaa vitabu tele, kikiwemo White Mischief cha James Fox (1982). Cha pili ni cha J.M. Kariuki, mbunge aliyezikwa shambani kwake Gilgil baada ya maiti yake kupatikana katika vilima vya Ngong, Machi 1975. Kamati teule ya Bunge chini ya Elijah Mwangale ilichunguza na kutoa ripoti. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Msomaji mmoja, mwalimu mstaafu, alikataa kabisa kisa hiki kiitwe fumbo: fumbo, alisema, ni mchezo wa watu wawili, na hapa upande mmoja haujawahi kujibu.

Pingamizi hilo lina uzito wa kinadharia. Waliolikuta gari la Erroll kabla ya mapambazuko walikuwa Waafrika waliosafirisha maziwa kwa lori. Aliyeikuta maiti ya Kariuki alikuwa mchungaji wa Kimaasai. Kwa kaida za utanzu huu, mhusika wa aina hiyo huingia katika sura ya kwanza, hushtuka, kisha hutoweka (hata jina hapewi), kwa kuwa mpelelezi yuaja na jibu. Historia ya Gilgil haina Bwana Msa. Iliye naye ni shahidi huyo tu. Mtunzi wa Kiswahili atakayeishika mada hii angefaa kumkabidhi yeye usimulizi, aeleze ayajuayo kuhusu njia, saa na hali ya maiti, bila kulazimishwa kumtaja muuaji.