Mhalifu Alitafutwa Wapi?

Kwa Cesare Lombroso, jibu lilikuwa kisogoni. Daktari huyo wa Kiitalia alichunguza fuvu la Villella, mfungwa kutoka Calabria, akaona upande wa nyuma kishimo ambacho aliamini kinawafaa wanyama kuliko binadamu. Juu ya kishimo hicho akajenga nadharia nzima: wapo watu wanaozaliwa wahalifu, mabaki ya binadamu wa kale, nao hutambulikana kwa taya pana, masikio yaliyochomoza na mikono mirefu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1876, kikazagaa Ulaya na Marekani. Fuvu bado limehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Torino, ingawa wenyeji wa kijiji cha Villella wamelidai hadi mahakamani. Lombroso naye yumo humo. Aliusia mwili wake kwa sayansi, na mifupa yake imesimamishwa karibu na mafuvu aliyoyakusanya.

Walikuwapo waliosema mengine kabla yake. Mwaka 1764 Cesare Beccaria wa Milano alishikilia kwamba mtu hupima faida na hasara, hivyo adhabu ya hakika humzuia zaidi ya adhabu kali. Mbelgiji Adolphe Quetelet alisoma takwimu za mahakama za Ufaransa, na mwaka 1831 akaonyesha kwamba makosa hujirudia mwaka baada ya mwaka kwa idadi inayokaribiana, na kwamba vijana wa kiume ndio hutia fora. Fuvu, hata hivyo, linashikika mkononi, takwimu hazishikiki. Lombroso akawafunika wote wawili.

Aliyemwangusha kwa vipimo ni daktari wa magereza ya Uingereza, Charles Goring. Alipima wafungwa wapatao 3,000, akawalinganisha na wanajeshi na wanafunzi wa vyuo, na mwaka 1913 akatangaza kwamba umbo la pekee la mhalifu halipo. Ungedhani habari iliishia hapo. Huku kwetu ilikuwa bado. J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari jijini Nairobi, aliandika mwaka 1953, kwa niaba ya Shirika la Afya Duniani, kwamba akili ya Mwafrika inafanana na ya Mzungu aliyepasuliwa ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha maelezo yake kuhusu Mau Mau: watu waliopokonywa ardhi wakageuzwa wagonjwa wa nafsi. Daktari wa akili Frantz Fanon alimjibu kwa ukali, na Carothers alistahili ukali huo.

Kule Chicago, wakati huo, macho yalikuwa yameshahama kutoka mwilini kwenda mtaani. Mji huo ulikuwa umeanzisha mahakama ya watoto mwaka 1899, ya kwanza Marekani, na mahakama huzaa mafaili. Clifford Shaw, aliyewahi kuwa ofisa probesheni, na mwenzake Henry McKay waliyachambua mafaili hayo. Kila mtoto aliyefikishwa mahakamani walimwekea nukta kwenye ramani, pale alipoishi. Nukta zikasongamana kando ya katikati ya mji, kwenye viwanda, reli na nyumba mbovu za kupanga, zikapungua kadiri mtu alivyokwenda nje. La kushangaza zaidi lilikuja walipolinganisha miaka. Wajerumani na Waairishi walioishi mitaa ile mwanzoni walikuwa wamehama, wakaingia Wapolandi na Waitalia, kisha watu weusi kutoka kusini. Wakazi walibadilika, nukta hazikuhama. Kila kabila lililotoka pale liliacha uhalifu nyuma yake. Sijui hoja nyingine iliyovunja dhana ya damu mbaya kwa utulivu kama huo.

Shaw hakuishia kwenye nukta. Mwaka 1930 alichapisha simulizi ya kijana aliyempa jina la Stanley, aliyekuwa akipora walevi. Mama yake alifariki angali mdogo sana, na mama wa kambo akamtuma na mwanawe wakaibe kwenye mabehewa ya mizigo. Akatoroka nyumbani, akakamatwa, akarudishwa, akatoroka tena. Ukisoma maisha yake huoni taya wala sikio. Unaona nani alimfundisha nini, na lini.

Hapo ndipo mwanasosholojia Edwin Sutherland alipojikita: uhalifu hujifunzwa kwa watu wa karibu, kama ufundi wowote. Akauliza swali ambalo wenzake walilikwepa. Ikiwa umaskini ndio chanzo, matajiri je? Alikagua kampuni kubwa 70 za Marekani akakuta maamuzi 980 ya mahakama na tume dhidi yazo. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1949 mchapishaji alikuwa ameyaondoa majina ya kampuni kwa hofu ya kushtakiwa. Yalirudishwa mwaka 1983. Kwa maoni yangu hili ndilo pigo kubwa kuliko yote, maana linamgusa hata Shaw: ramani yake ilionyesha waliokamatwa tu.

Hoja ya mtaa ilipimwa pia Kampala. Watafiti Marshall Clinard na Daniel Abbott, katika kitabu cha mwaka 1973, walilinganisha mitaa miwili maskini, Kisenyi wenye uhalifu mwingi na Namuwongo wenye kidogo. Ufukara ulikuwa kote kuwili. Namuwongo watu walitembeleana zaidi na kushiriki zaidi katika mambo ya mtaa.

Miaka mingi kabla ya hapo, mjini Boston, watafiti Sheldon na Eleanor Glueck walikuwa wamefuatilia wavulana 500 waliofungwa shule za kurekebisha tabia na 500 wasiokuwa na kesi, wa umri na mitaa inayofanana. Taarifa yao ya mwaka 1950 ilitilia mkazo malezi, lakini ilirudia pia maumbo: wenye misuli, walisema, walikuwa wengi zaidi kati ya wakosaji. Kivuli cha Lombroso. Mafaili yao yakasahaulika kwenye maboksi chini ya maktaba ya sheria ya Harvard hadi miaka ya 1980, John Laub na Robert Sampson walipoyafungua. Wao hawakutafuta tu nani alianza. Waliuliza pia nani aliacha, na kwa nini. Wakawafuata baadhi ya wavulana wale hadi uzeeni. Kwenye karatasi zilezile wakakuta majibu: ndoa iliyotulia, kazi ya kudumu na utumishi jeshini.