Theluthi ya Nini? Historia ya Ukaguzi wa Mikataba Mahiri ya Tokeni Ikitazamwa Kutoka Mohoro

1.0 Utangulizi

Wakazi wa Mohoro, katika Wilaya ya Rufiji, wanalijua neno tokeni kutokana na umeme wa LUKU. Mnunuzi hulipa fedha, hupokea tarakimu 20, huziingiza kwenye mita, na mita hutoa umeme bila kumwuliza mtu yeyote. Tokeni za sarafu za kidijitali nazo hutekelezwa na mashine, ila nyuma yake hakuna mita wala shirika la umma. Kuna mkataba mahiri, yaani programu iliyohifadhiwa kwenye blokicheni, daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa wakati mmoja. Programu hiyo ndiyo inayoamua nani ana kiasi gani, nani anaweza kumhamishia nani, na nani anaruhusiwa kutengeneza tokeni mpya. Ikiwa na dosari, mali ya watu hupotea kwa kufuata mkataba wenyewe.

Makala haya yanafuatilia namna ukaguzi wa usalama wa mikataba hiyo ulivyozaliwa na kukua tangu mwaka 2016. Hoja yake kuu ni kwamba ukaguzi huo umepiga hatua kubwa katika kujibu swali la kama msimbo unafanya kile ulichokusudiwa kufanya, lakini bado haujalitosheleza swali la nani anashika daftari, mizani na ufunguo. Swali hilo la pili si geni Rufiji. Lilijitokeza katika kilimo cha pamba zaidi ya miaka 100 iliyopita, na ndipo mjadala huu unapoanzia.

2.0 Mohoro na Kanuni ya Theluthi, 1902–1905

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mohoro ilikuwa kituo cha utawala wa Kijerumani katika eneo la Rufiji. Mwaka 1902, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, utawala ulianzisha mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja katika maeneo ya pwani na kusini. Kila eneo la jumbe lilitakiwa kuwa na shamba, na watu wake walitakiwa kulifanyia kazi siku 28 kwa mwaka. Mapato yaligawanywa mara tatu: theluthi kwa wafanyakazi, theluthi kwa jumbe, na theluthi kwa komuni, chombo cha wilaya kilichosimamia mauzo.

Kihesabu, kanuni hii haina kosa. Mtu akiikagua kama inavyokaguliwa programu leo, angeithibitisha: mafungu matatu yakijumlishwa yanaleta kitu kizima, na hakuna fungu linalolipwa mara mbili. Ugumu ulikuwa katika kile kilichoingizwa kwenye kanuni. Theluthi ya nini? Uzito wa pamba, bei iliyouzwa na gharama zilizokatwa vyote vilikuwa mikononi mwa upande mmoja. Mkulima aliyelazimishwa kulima hakuwa na mizani yake wala nafasi ya kulifungua daftari. Malipo yaliyomfikia yalikuwa madogo mno, na wako waliokataa kuyapokea.

Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba huko Nandete, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye tayari alikuwa amekamatwa, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita hivyo haviwezi kupunguzwa kuwa mgogoro wa mahesabu. Kodi, kazi ya shuruti, ukatili wa maakida na imani ya maji vyote vilikuwa na nafasi yake. Hata hivyo, katika kumbukumbu zilizochapishwa na G.C.K. Gwassa na John Iliffe mwaka 1968, pamba inajitokeza kama chanzo kimojawapo kikubwa cha chuki. Funzo lake kwa utafiti huu ni dogo na mahususi: mkataba unaweza kutekelezwa sawasawa na bado ukamwibia mtu, iwapo asiyeweza kuukagua ndiye anayeulipia.

3.0 Kuzaliwa kwa Ukaguzi wa Msimbo, 2016–2020

Dhana ya mkataba unaojitekeleza ilipewa jina na Nick Szabo katika miaka ya 1990, naye alitoa mfano wa mashine ya kuuzia bidhaa kwa sarafu. Dhana hiyo ilipata uwanja mpana mwaka 2015, blokicheni ya Ethereum ilipoanza kufanya kazi mwezi Julai na kiwango cha tokeni cha ERC-20 kilipopendekezwa mwezi Novemba.

Tukio lililoufanya ukaguzi kuwa taaluma ni lile la The DAO, mfuko wa uwekezaji ulioendeshwa kwa mkataba mahiri. Tarehe 17 Juni 2016 mshambuliaji alihamisha takribani etha milioni 3.6. Dosari yake inaeleweka kwa mfano wa karani anayelipa kwanza na kuandika baadaye. Mkataba ulimlipa mwombaji kabla ya kupunguza salio lake. Programu ya mwombaji ikarudi kuomba kabla kalamu haijagusa daftari, ikalipwa tena na tena. Mwezi uliofuata jumuiya ya Ethereum iliibadili historia ya daftari lake ili kurejesha fedha. Waliopinga hatua hiyo waliendelea na daftari la zamani, ambalo leo linajulikana kama Ethereum Classic.

Mwaka huohuo watafiti waliohusishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore walichapisha matokeo ya chombo chao kiitwacho Oyente. Kati ya mikataba 19,366 waliyoipima, chombo hicho kiliitilia shaka mikataba 8,833. Takwimu hiyo ilionyesha kwamba The DAO haikuwa ajali ya pekee.

Matukio mawili zaidi yaliongeza orodha ya mambo ya kukaguliwa. Novemba 2017 mtu mmoja alijitwalia umiliki wa msimbo wa pamoja uliotumiwa na pochi za Parity, kisha akaufuta. Zaidi ya etha 500,000 zikafungika. Aprili 2018 tokeni ya BeautyChain iliporomoka kwa sababu ya hesabu iliyopita kikomo: namba ilipojaa ilirudi sifuri, kama mita ya gari iliyozunguka hadi mwisho, na mkataba ukaruhusu kuhamishwa kwa tokeni ambazo mtumaji hakuwa nazo. Desemba 2020 lugha ya Solidity, toleo la 0.8, ilianza kuzuia kosa hilo yenyewe. Kufikia hapo ukaguzi ulikuwa na mbinu zinazotambulika: kusoma msimbo mstari kwa mstari, kutumia vyombo vya kugundua dosari zinazojulikana, kuujaribu mkataba kwa maelfu ya ingizo la kubahatisha, na pale inapowezekana kuthibitisha sifa zake kihisabati.

4.0 Kikomo cha Msimbo: Kutoka Squid hadi Mombasa

Tarehe 1 Novemba 2021 tokeni iliyojiita Squid ilianguka kutoka bei ya zaidi ya dola 2,800 hadi karibu na sifuri ndani ya muda mfupi. Wanunuzi wengi walikuwa wamezuiwa kuuza na kanuni zilizowekwa na waanzilishi wenyewe. Hapa msimbo haukukosea. Ulitii matakwa ya mwenye ufunguo, kama kanuni ya theluthi ilivyotii matakwa ya mwenye mizani.

Pwani ya Afrika Mashariki inatoa mfano wa nia tofauti kabisa. Mei 2013, katika mtaa wa Bangladesh huko Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa ili kubadilishana bidhaa pale shilingi inapoadimika. Mwanzilishi wake, Will Ruddick, na wenzake walikamatwa na kushtakiwa. Mashtaka yaliondolewa baadaye mwaka huohuo. Kuanzia 2018 mfumo huo, chini ya shirika la Grassroots Economics, ulihamia kwenye blokicheni na kujulikana kwa jina la Sarafu. Watumiaji wake walituma na kupokea kwa simu za kawaida. Kwa kuwa simu hizo haziwezi kuhifadhi ufunguo wa siri, funguo zilitunzwa na mfumo wa waendeshaji kwa niaba yao. Mkataba wa tokeni ungeweza kukaguliwa na kuonekana salama kabisa, lakini usalama wa mama muuza mboga ulitegemea uaminifu na umakini wa mtunza funguo.

5.0 Athari kwa Tanzania

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo la kuwatahadharisha wananchi juu ya sarafu za kidijitali. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ijiandae kwa mabadiliko hayo. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Mwelekeo huu unagusa tahadhari, sera na mapato. Ukaguzi wa msimbo wenyewe ni suala jingine, nalo linawahusu watu walio mbali na masoko ya sarafu.

Wakulima wa ufuta na korosho wa Rufiji na Kibiti huuza kupitia vyama vya ushirika katika mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005. Stakabadhi ni ahadi ya thamani iliyo kwenye karatasi. Ikigeuzwa kuwa tokeni, programu haitauona mzigo ulio ghalani. Itaamini namba iliyoingizwa na mpima. Ukaguzi utakaoishia kwenye msimbo utairudisha kanuni ya theluthi ikiwa na uso mpya.

6.0 Hitimisho

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Historia iliyojadiliwa inaonyesha kwamba hata yenye daftari hupotea, ikiwa daftari linasomwa na upande mmoja. Kwa hiyo makala haya yanapendekeza kwamba ripoti ya ukaguzi wa tokeni inayokusudiwa kwa umma nchini ijibu, kwa Kiswahili kinachoeleweka, maswali manne: nani anaweza kutengeneza tokeni mpya, nani anaweza kuzuia mauzo, nani anaweza kubadili mkataba, na nani anaingiza takwimu kutoka nje ya blokicheni. Majibu hayo yawekwe mbele ya mwenye mali kabla hajatoa mali yake.